Sarufi katika mchezo wa kupindua meza

Mwaka 2009 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mashine ya ajabu kwa majumba ya michezo: Cho Chabudai Gaeshi. Mbele ya skrini pana meza ndogo ya plastiki. Mchezaji huipiga kwa viganja, kisha huipindua kwa hasira. Kadiri vitu vinavyovunjika kwenye skrini, ndivyo alama zinavyoongezeka.

Tuchambue jina. Chabudai ni meza fupi ya kulia chakula. Kaeshi hutokana na kitenzi kaesu, yaani «pindua». Mbona basi gaeshi? Katika maneno ambatani ya Kijapani, konsonanti isiyo ghuna inayoanza neno la pili mara nyingi hughunishwa: ori na kami huzaa origami.

Sisi tunazo refu na ndefu, ulimi na ndimi. Kwetu nazali ingali inasikika. Katika gaeshi haipo. Hata hivyo, wataalamu wengi hudhani kwamba zamani kiunganishi no kilisimama hapo, kikamezwa, kikaacha ughuna. Hii haithibitishi undugu wa lugha. Yatufunza kutafuta sauti iliyomezwa kabla ya kulinganisha.

Zoezi: tafuta badiliko kama hili katika lugha ya kwenu, utaje kilichosababisha.