Uliza Kwanza: Nani Kaisaini?

Dereva wa bajaji Moshi mjini anaambiwa ahame kijiwe alichokitumia miaka minne. Anayemhamisha hana karatasi mkononi, ana neno moja tu: "Ndiyo sheria, siku hizi mambo yote ni Afrika Mashariki." Huko juu, upande wa Marangu, binti aliyepata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya wapanda mlima anaambiwa avue hijabu akiwa kazini. "Ndiyo sheria yetu. Wageni ni Wazungu, na kwao imepigwa marufuku."

Watu hawa wawili nimewatunga kwa ajili ya somo la leo, lakini jibu walilopewa utalisikia kila kona ya mkoa huu. Ndugu msomaji, sheria haiokotwi njiani. Ina aliyeitunga, ina sahihi na ina tarehe. Ukimjua aliyeitunga, umeujua na mlango wa kubisha.

Ya kijiwe, ya leseni, ya barabara

Dereva wetu yuko chini ya mamlaka zaidi ya moja, na kila moja ina mipaka yake.

Utaratibu wa vijiwe na stendi ni kazi ya Halmashauri ya Manispaa ya Moshi, kwa sheria ndogo zinazotungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Sheria ndogo si tamko la mtu mmoja aliyeamka vibaya. Hutungwa na baraza la madiwani, wakazi hutangaziwa kusudio ili wenye pingamizi waseme, waziri mwenye dhamana huidhinisha, kisha huchapishwa kwa Tangazo la Serikali lenye namba na mwaka. Tena haiwezi kwenda kinyume na sheria ya Bunge. Ikienda kinyume, sheria ya Bunge ndiyo inayosimama.

Leseni ya kubeba abiria na nauli ni mambo ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kofia ngumu, taa na mwendo husimamiwa na askari wa usalama barabarani kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Kwa hiyo ukihamishwa kijiwe, usikimbilie LATRA. Nenda kwa mtendaji wa kata au ofisi ya Manispaa, uombe kwa maandishi namba ya tangazo la sheria ndogo inayotumika, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama uamuzi umetolewa bila sheria au bila kusikilizwa, Mahakama Kuu inaweza kuupitia na kuutengua. Kibali cha kufungua shauri hilo huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukigombana na LATRA yenyewe juu ya leseni, rufaa huenda Baraza la Ushindani.

Afrika Mashariki inaingia wapi?

Jumuiya inazo sheria zake, na wewe umeshakutana nazo. Noah inayopanda Rombo asubuhi, ilipotolewa bandarini ushuru wake ulikokotolewa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Lori linalopimwa mizani linapimwa chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Ibara ya 8(4) ya Mkataba wa Jumuiya inazipa sheria hizo nguvu kuliko za nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba.

Lakini teksi, bajaji na bodaboda zinazozunguka ndani ya mji zimebaki mikononi mwa nchi. Machi 2022 LATRA ilipanga nauli za teksi mtandao na kuweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15. Aprili Uber ikasitisha huduma, ikarudi Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Mvutano wote ulikuwa kati ya kampuni na mdhibiti wa hapa nchini. Hata Ulaya, ambako sheria za Umoja zimeenea kuliko zetu, mambo yaliishia pale pale. Madereva teksi wa Barcelona waliishitaki Uber, na tarehe 20 Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hiyo ni huduma ya usafiri, hivyo kila nchi mwanachama ina uwezo wa kuiwekea masharti yake.

Ukivuka Holili kuingia Taveta, hesabu inabadilika. Wenye magari ya utalii wa Moshi na Arusha wanaikumbuka Desemba 2014, Kenya ilipozuia magari yenye namba za Tanzania kufuata watalii katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hoja ya Kenya ilisimama juu ya makubaliano ya nchi mbili ya mwaka 1985, yaani karatasi iliyosainiwa kabla Jumuiya ya sasa haijazaliwa. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Mwezi huo huo marais wawili wakakutana Windhoek, Namibia, na mambo yakalegezwa. Dereva aliyepoteza msimu hakuwa na la kufanya ila kusubiri wakubwa wapatane. Ndiyo maana, kabla ya kupokea kazi ya ng'ambo ya mpaka, uliza: ruhusa hii inatoka kwenye Mkataba wa Jumuiya, au ni makubaliano yanayoweza kugeuka kesho?

Hijabu na mwajiri

Sasa turudi Marangu. Hakuna sheria ya Jumuiya inayosema watu wavae nini. Kinga ya binti yetu iko nyumbani. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria na kwa maslahi ya umma. Kilicho karibu naye zaidi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, dini ikiwemo, tena kuanzia kwa mwombaji kazi. Mwajiri anayo hoja moja ya kujitetea: kwamba sharti lake linatokana na asili ya kazi yenyewe. Nguo inayoweza kunaswa na mashine kiwandani ni hoja ya kusikilizwa. Kupokea wageni na kuwapa funguo za vyumba ni hoja dhaifu.

Na lile la Wazungu? Ufaransa kweli imekataza alama za dini zinazojionyesha wazi katika shule za serikali tangu 2004, na kufunika uso hadharani kwa sheria ya 2010. Kwa kazi za kampuni binafsi, mahakama ile ile ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili siku moja, tarehe 14 Machi 2017. Ya kwanza ilisema mwajiri anaweza kuweka kanuni ya kutoonyesha alama za imani, mradi iwabane wa dini zote sawasawa. Ya pili ilisema mteja kutotaka kuhudumiwa na mwenye hijabu si sababu inayotosha. Meneja wetu, basi, amekosea hata huko alikokwenda kuazima sheria. Na sheria za huko haziifungi hoteli ya Marangu.

Kenya inatupa funzo jingine. Wanafunzi wa Kiislamu wa shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, walipata ushindi wa hijabu katika Mahakama ya Rufani mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo, kwa sababu dai halikuwa limefikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa. Haki waliyoidai ilibaki bila kuamuliwa, maana iliingizwa kwa mlango usio wake.

Mlango wa binti ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Akiachishwa kazi ana siku 30. Kwa mgogoro mwingine wa kazi ana siku 60. Aombe agizo la kuvua hijabu kwa maandishi. Wakikataa, aandike yeye barua kueleza alichoambiwa, na nani, na lini, aifikishe na abaki na nakala.

Mahakama mbili za Arusha

Wengi huchanganya. Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea shauri la mkazi yeyote wa nchi mwanachama dhidi ya kitendo au sheria ya nchi inayovunja Mkataba. Huhitaji kumaliza mahakama za nyumbani kwanza, ila una miezi 2 tu tangu kitendo kitokee au ukijue. Haishughuliki na hoteli. Machi 2019 ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua kesi huko moja kwa moja. Tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa.

Kwa ufupi

Omba karatasi. Soma nani kaisaini. Andika tarehe uliyoipata, kisha hesabu siku: 30 au 60 kwa CMA, miezi 2 kwa Arusha, miezi 6 kwa Mahakama Kuu. Kama wakili ni ghali, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure. Hapa Moshi wapo KWIECO.

Na wewe wa bajaji, anayekuhamisha atakaporudi kijiweni na neno lake, usibishane naye. Mpe kalamu na karatasi, umwombe akuandikie namba ya Tangazo la Serikali.