Dondoo muhimu: Ukali wa picha uje mwisho

Kuongeza ukali hakurudishi kilichopotea. Programu huzidisha tu tofauti ya mwanga na giza kwenye kingo. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mwisho, baada ya kufuta vumbi, kurekebisha rangi na kupunguza ukubwa. Chukua picha ya karatasi ya enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970–1975, yenye sentimita 10 kwa 15. Ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, unapata pikseli kama 2,360 kwa 3,540. Ukiongeza ukali hapo kisha ukaipunguza ya kutuma WhatsApp, ukali mwingi utapotea, na mikwaruzo utakuwa umeshaikoleza. Kwa hiyo zima kwanza ukali unaoongezwa na skana yenyewe.

Mwenye studio Tunduma atasema foleni ni ndefu na mteja anataka picha ing'ae. Sawa, lakini ukali uliozidi huchora mstari mweupe kuzunguka nywele na kufanya ngozi ionekane ya mgonjwa. Anza na nguvu ya ukali ya asilimia 80, upana wa pikseli 1 na kizingiti cha 3 hadi 5 ili mashavu yasiguswe, huku ukiitazama picha kwa ukubwa wa asilimia 100. Si kila kitu ni laini kama ngozi: kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, chuma chenye vishimo kila mahali, kinastahimili ukali zaidi. Anga iliyo nyuma yake haistahimili, hivyo ifunike isiguswe na ukali. Picha iliyotikisika haina dawa hapa. Kama mteja hajaondoka, mpige nyingine.