Salvador Sánchez, bingwa wa kilo 57



Siku moja nilitembelea darasa la kisomo. Nikakuta vijana wanabishana juu ya ngumi. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Mwalimu, hivi bingwa wa dunia si ndiye mwenye mwili mkubwa kuliko wote?" Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ni zuri, na ndilo lililozaa somo hili.

Jibu ni hapana, mama. Mabondia hupimwa kwenye mizani kabla ya kupigana, kama tunavyopima mazao yetu siku ya kuuza. Kila uzito una bingwa wake. Mtu wa kilo 57 hapigani na mtu wa kilo 100. Upo uzito unaoitwa uzito wa unyoya. Bondia wa uzito huo hatakiwi kuzidi kilo 57 na kidogo. Gunia la mahindi la kilo 90 linamzidi mbali sana. Basi leo tusome habari za bingwa mmoja wa uzito huo. Jina lake ni Salvador Sánchez, wa nchi ya Meksiko.

Meksiko iko Amerika, kusini ya Marekani. Watu wa huko wanapenda ngumi kama sisi tunavyopenda mpira. Sánchez alizaliwa tarehe 26 Januari 1959, katika mji mdogo wa Santiago Tianguistenco. Hakukaa sana katika ngumi za ridhaa, yaani ngumi zisizo na malipo. Mwaka 1975 aliingia katika ngumi za kulipwa. Hesabu mwenyewe umri wake. Alikuwa na miaka 16 tu! Mtoto huyo, lakini alikuwa anawaangusha watu wazima.

Mwaka 1977 alikuwa bado hajashindwa. Akapelekwa kugombea ubingwa wa Meksiko katika uzito wa chini kidogo kuliko unyoya. Mpinzani wake alikuwa Antonio Becerra. Sánchez akashindwa kwa pointi. Pointi ni alama ambazo waamuzi huwapa mabondia katika kila raundi. Kama hakuna aliyeangushwa moja kwa moja, alama hujumlishwa, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Mwaka uliofuata alipigana na Juan Escobar, wakatoka sare. Basi, yameisha. Baada ya hapo hakushindwa tena mpaka alipokufa.

Sasa tuone alipiganaje, maana hapa ndipo penye somo hasa. Sánchez hakuwa mtu wa kurukia vita. Alikuwa anangoja. Hebu simama, nyoosha mkono wako wa kulia kama unayerusha konde. Umeona? Mkono ukishatoka, kidevu chako upande ule hakina mlinzi. Sánchez alijua jambo hilo. Alimwacha mwenzake arushe konde, yeye akasogeza kichwa kidogo likapita, kisha akamjibu palepale kabla mkono haujarudi. Kwa hiyo mtu aliyempiga sana ndiye aliyepigwa sana. Jambo la pili ni pumzi. Wakati ule pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Raundi moja ni dakika 3, na kati ya raundi na raundi wanapumzika dakika 1. Ukizidisha 15 kwa 3 unapata dakika 45 za kupigana. Mapumziko ni 14. Jumla dakika 59, karibu saa nzima! Wengi walichoka njiani. Sánchez alizidi kuchangamka raundi za mwisho. Siku hizi pambano la ubingwa wa dunia la wanaume ni raundi 12.

Tarehe 2 Februari 1980, huko Phoenix, Marekani, alipigania ubingwa wa dunia wa Baraza la Ngumi la Dunia, ambalo kwa kifupi huitwa WBC. Bingwa alikuwa Danny Lopez, Mmarekani, mtu mwenye konde zito kwelikweli. Lopez alikuja mbele, Sánchez akamjibu. Akaja tena, akajibiwa tena. Uso wake ukavimba. Katika raundi ya 13 mwamuzi akasimamisha pambano. Sánchez akawa bingwa wa dunia, siku saba tu baada ya kutimiza miaka 21. Mwezi Juni wakarudiana, na Lopez akasimamishwa tena, safari hii raundi ya 14.

Bingwa hakai na mkanda bure. Lazima autetee, yaani apigane na wanaoutaka. Sánchez aliutetea mara tisa. Msidhani kuwa zote zilikuwa rahisi. Patrick Ford wa Guyana alimsumbua. Pat Cowdell wa Uingereza naye alimsumbua, hata waamuzi watatu wakatofautiana, wawili kwa Sánchez na mmoja kwa Cowdell.

Lakini pambano lililosemwa kuliko yote ni la tarehe 21 Agosti 1981, mjini Las Vegas. Mpinzani alikuwa Wilfredo Gómez wa Puerto Rico. Huyu alikuwa bingwa wa uzito wa chini kidogo, kilo 55 na kidogo, akapanda kumfuata Sánchez. Gómez alikuwa amepigana mara 33. La kwanza alitoka sare. Mengine 32 yote alishinda kwa nokauti. Nokauti maana yake mpinzani hakuweza kuendelea. Basi bwana huyo alijisifu sana kabla ya siku. Watu wengi waliamini kuwa atashinda yeye. Kengele ikalia. Hata dakika moja haikupita, Gómez yuko chini! Aliinuka, na kwa kweli alipigana kiume, lakini mfupa wa shavu ulivunjika na macho yakavimba. Raundi ya 8 mwamuzi akamaliza kazi. Sánchez mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi kabla ya pambano. Mimi napenda sana jambo hilo kwake, lakini kila mtu na tabia yake.

Sasa sikilizeni habari inayotuhusu sisi Waafrika. Tarehe 21 Julai 1982, mjini New York, Sánchez alipangiwa mpinzani mwingine, yule akashindwa kuja. Akatafutwa mtu wa kuziba pengo kwa muda mfupi. Akapatikana kijana wa Ghana, Azumah Nelson. Alikuwa amepigana mapambano ya kulipwa 13 tu. Huko Marekani ni wachache waliomjua. Wengi walidhani kuwa atapigwa mapema, watu warudi nyumbani. Kumbe! Nelson alimfuata Sánchez raundi baada ya raundi. Raundi ya 7 aliangushwa, akainuka, akaendelea kushambulia. Mpaka raundi ya 14 bado wanapigana. Raundi ya 15, ile ya mwisho kabisa, ndipo pumzi ya Sánchez ilipoonekana. Alimwangusha Nelson, na alipoinuka akamsonga kwa makonde mpaka mwamuzi akaingia kati. Zilikuwa zimebaki dakika moja na kidogo tu.

Siku 22 zilipita. Sánchez alikuwa kambini, akijiandaa kwa pambano la mwezi Septemba. Alfajiri ya tarehe 12 Agosti 1982 alikuwa anaendesha gari lake dogo, la aina ya Porsche, katika barabara inayotoka Querétaro kwenda San Luis Potosí. Gari likagongana na lori. Akafa palepale. Mtu ambaye alishinda mapambano 44! Alikuwa na miaka 23. Alikufa akiwa bado bingwa wa dunia, na akazikwa kwao Santiago Tianguistenco. Mwaka 1991 jina lake liliingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mabondia mashuhuri, iliyoko Canastota, Marekani.

Mkanda ukabaki hauna mwenyewe. Hapa naomba msome polepole, maana mkanda huu ulizunguka kweli. Mwaka 1975 David Kotey wa Ghana alimnyang'anya mkanda huo Mmeksiko, Rubén Olivares. Mwaka 1976 Lopez alikwenda mpaka Accra akauchukua kwa Kotey. Mwaka 1980 Sánchez akauchukua kwa Lopez. Sánchez alipokufa, ukapiganiwa upya, na Juan LaPorte akaupata Septemba 1982. Machi 1984 akaupata Gómez, yuleyule aliyevunjwa shavu. Tarehe 8 Desemba 1984, kule kwao Gómez, Puerto Rico, alikuja mtu kuutaka. Gómez alikuwa anaongoza kwa pointi. Raundi ya 11 akaangushwa, na hakuweza kuendelea. Aliyemwangusha alikuwa Azumah Nelson. Mkanda ukarudi Ghana.

Hesabu ya nyumbani: Sánchez alipigana mapambano ya kulipwa 46. Alishinda 44. Katika hayo 44, alishinda 32 kwa nokauti au kwa mwamuzi kusimamisha. Je, alishinda mangapi kwa njia nyingine? Fanya mwenyewe kwanza, kwa kalamu, usimwulize mtoto wa shule.

Jibu: 44 toa 32, ni 12. Na yale mawili yanayobaki katika 46 ni la Becerra na la Escobar.