Dondoo muhimu: Asubuhi ya samaki na marafiki, Vitshumbi

Kwanza, usalama. Ulizeni hali ya barabara ya Goma, Rutshuru hadi Rwindi kwa watu walioipita siku hiyohiyo. Habari ya juzi haitoshi. Kukiwa na shaka yoyote, ahirisheni.

Njia ikiwa shwari, fikeni kijijini Vitshumbi mapema, mitumbwi inaporudi na samaki wa usiku. Tilapia wa Ziwa Edward akaangwe palepale, aliwe kwa bugali, sombe, pilipili na limao: kwangu hakuna mlo wa Jumamosi unaoushinda. Pataneni bei kabla ya samaki kuparuliwa. Samaki wachanga msiwanunue hata wakiuzwa rahisi, kwani kila anayewanunua anawapa nguvu wenye nyavu za macho madogo, na kijiji kizima kinaishi kwa ziwa hili.

Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, na mnawe mikono kwa sabuni. Kipindupindu bado kipo Kivu.

Hapa ni ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Msiogelee, kwani ziwani kuna viboko. Hao hutoka majini jioni kwenda malishoni, na hatari kubwa ni kusimama kati yao na ziwa. Ondokeni jua likiwa bado juu.