Hifadhidata ya Filamu: Vidokezo 8 Kabla Hujaunda Jedwali la Kwanza

Mwenye maktaba ya filamu mtaani na mwanafunzi wa kompyuta anayeandaa mradi wa mwisho huanza njia moja: karatasi ya Excel yenye safu za jina, mwaka na mwigizaji. Mwanzoni mambo huenda vizuri. Vurugu huanza siku inapoingia filamu yenye majina mawili, sehemu mbili na waigizaji kumi. Ukizingatia haya mapema, hutalazimika kubomoa na kujenga upya.

1. Anza na maswali
Orodhesha yale ambayo watumiaji watauliza. Nani aliongoza filamu hii? Zipi za Kiswahili zilizotoka baada ya 2010? Nakala ya pili iko kwa nani? Swali lisilopata jibu linakuonyesha jedwali unalolikosa.

2. Ipe kila filamu namba yake
Jina halitoshi kuitambulisha filamu. Kuna The Lion King ya 1994 na nyingine ya 2019. IMDb, iliyoanza mwaka 1990, huipa kila filamu namba inayotanguliwa na herufi tt, na kila mtu namba inayotanguliwa na nm. Kwako wewe, namba inayojiongeza yenyewe inatosha kuwa ufunguo mkuu, yaani safu inayotofautisha kila mstari na mingine.

3. Tenga watu na kazi walizofanya
Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo usipaharakishe. Ukiona umeanza kuandika mwigizaji_1, mwigizaji_2, mwigizaji_3, simama. Unahitaji majedwali matatu: filamu, watu na ushiriki. Jedwali la ushiriki libebe namba ya filamu, namba ya mtu, kazi aliyoifanya na jina la mhusika.

Lijaribu kwa mifano halisi. Amil Shivji aliongoza Vuta N'kuvute (2021) na pia alishiriki kuiandika: mtu mmoja, filamu moja, mistari miwili. James Earl Jones alitoa sauti ya Mufasa mwaka 1994, akairudia 2019: mtu mmoja, mhusika mmoja, filamu mbili. Kisha mjaribu Eddie Murphy katika Coming to America (1988). Humo yeye ni Mwanamfalme Akeem, ni Clarence kinyozi, na bado ana wahusika wengine. Ukiwa umeufanya ufunguo wa jedwali kuwa namba ya filamu na namba ya mtu pekee, mhusika wake wa pili atakataliwa. Upe kila mstari wa jedwali la ushiriki namba yake wenyewe.

Msingi wa mpangilio huu uliwekwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na bado sijaona ulio bora zaidi kwa kazi hii. Jina la mtu linaandikwa mahali pamoja, na likikosewa linasahihishwa mara moja tu.

4. Majina ya filamu yawe na jedwali lao
Vuta N'kuvute inajulikana nje kama Tug of War. Anayetafuta kwa jina lolote kati ya hayo aipate. Hifadhi jina, lugha yake, na kama ni jina la asili au la kutafsiriwa.

5. Chunga ritifaa
Lugha yetu imejaa alama hii: N'kuvute, ng'ombe, ng'ambo. Katika SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, alama hiyohiyo ndiyo inayofunga maandishi. Ukichukua alichoandika mtumiaji na kukiunganisha moja kwa moja kwenye amri, mfumo utadhani jina limeishia kwenye herufi N. Utapata kosa, na mdukuzi atapata mlango. Tumia amri zenye parameta, yaani zinazopokea alichoandika mtumiaji kando ya amri yenyewe, kila mara. Halafu kuna simu zinazoandika ritifaa iliyopinda na kompyuta zinazoandika iliyonyooka. Chagua moja, na uigeuze nyingine kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

6. Filamu ni moja, matoleo ni mengi
Vitabu vya darasani havifundishi hili, lakini kwetu ni la lazima. Filamu ya kigeni iliyosimuliwa na DJ Afro huko Kenya au Lufufu huku Tanzania si filamu mpya, wala si sawa na ile ya asili. Na Bongo Movie nyingi ziliuzwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2 kwenye diski tofauti. Unda jedwali la matoleo: namba ya filamu, lugha, msimuliaji, sehemu, aina ya nakala na urefu kwa dakika. Msimuliaji naye aingie kwenye jedwali la watu. Ni msanii mwenye mashabiki wake.

7. Tarehe na vibali vifuate nchi
Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu ilioneshwa Cannes mwaka 2018, ikapigwa marufuku Kenya, kisha mahakama ikaruhusu ioneshwe kwa siku 7 mwaka huohuo. Safu moja ya ndiyo au hapana haiwezi kubeba historia hiyo. Weka nchi, uamuzi, tarehe ya kuanza na ya kuisha.

8. Hifadhi kura, wastani utakokotolewa
Kila mtumiaji awe na kura moja ya kuipima kila filamu, na mfumo wenyewe ukatae ya pili.

Kabla ya kuandika programu yoyote, ingiza filamu chache ngumu kama hizi na uone kama majedwali yako yanazibeba. Na unapoingiza filamu zetu, usiishie kwa nyota walio kwenye bango. Tazama majina ya mwishoni hadi yaishe, umwandike mpiga picha, mhariri na fundi wa sauti.