Kupanda Usambara Wenzio Wakiwa Hawapo

Milima ya Usambara haijai wageni mwaka mzima. Hujaa kwa tarehe na kwa saa. Ukilijua hilo, utapita barabara ileile ya Mombo, utasimama palepale Irente wanaposimama wote, na utakuwa peke yako.

Anza na kalenda. Wiki ya Krismasi iache kabisa, maana barabara ya kaskazini huwa ni ya wanaokwenda Moshi na Rombo "kuhesabiwa", nawe utafika umechoka kabla hujauona mlima. Masika nayo, Machi hadi Mei, haifai: lami haina neno, lakini udongo mwekundu wa huko juu ukilowa ni sabuni. Mimi huchagua Februari, katikati ya wiki. Juni na Julai ni kukavu, ila beba sweta la kweli. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wake si wa shuka moja.

Ukitokea Dar es Salaam, ondoka saa kumi na moja alfajiri, upite Bagamoyo hadi Msata badala ya Kibaha na Chalinze. Malori ya Zambia na Kongo utayaachia barabara ya Morogoro. Kwenye vibao vya 50 shika 50 kweli. Askari mwenye tochi hujificha vizuri kuliko unavyodhani. Mafuta jaza Korogwe au Mombo.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na ndizo zinazotaka akili. Barabara ni nyembamba, mwamba upande huu, bonde upande ule. Piga honi kabla ya kona usiyoiona mwisho wake. Coaster ikikubana nyuma, tafuta palipopanuka uipishe: dereva wake anaijua njia hii kuliko wewe, na wewe umekuja kutazama. Soni simama uyaone maporomoko. Siku ya kurudi, shuka kwa gia uliyopandia, mguu usilale kwenye breki. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha, subiri zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji.

Irente wageni huenda jioni, kutazama jua likizama. Nenda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Jua litakuwa mgongoni mwako, na tambarare ya chini itafunguka kipande kwa kipande kadiri kivuli cha mlima kinavyojivuta. Ukikuta ukungu, usiondoke; kaa ndani ya gari na chupa ya chai. Ukirudi, pitia Irente Farm ununue mkate na jibini.

Kisha endelea mbele. Wengi hugeuzia Lushoto, kwa hiyo msongamano, kama upo, unaishia pale. Barabara ya Mtae hupita msitu wa Magamba na Lukozi, na inataka gari lililoinuka. Kabla ya kuondoka waulize bodaboda wa stendi kama jana mvua ilinyesha. Wao wametoka huko leo. Mtae kijiji kimekaa ukingoni kabisa, nyika ya Mkomazi iko chini yake, na anga likiwa safi Kilimanjaro huonekana. Tenga siku nzima. Kama hulali huko, geuza gari saa nane mchana, kwani jioni ukungu hushuka Magamba na taa za gari haziupenyi.