Nimfelishe au Nimwachie?

*Mwalimu, nilifundisha chuo cha ualimu Tanzania kabla ya kumfuata mume wangu Uingereza. Sasa nimeajiriwa kwa muda na chuo kikuu kimoja hapa Birmingham, nazunguka shule za sekondari kuwatazama walimu wanafunzi wakifundisha. Kijana mmoja wa hisabati ananikosesha usingizi. Darasa halimsikilizi kabisa. Mwalimu mlezi wake pale shuleni ameninong'oneza kwamba kijana hafai. Kijana naye anasema mlezi hampendi. Ripoti zangu zote nimeziandika kwa maneno laini, maana mimi ni mgeni na naogopa kuonekana sijui mambo ya huku. Kijana amekopa ada. Nikimfelisha nitamvunja, nikimwachia nitawaonea watoto. Nifanye nini?*

*Msimamizi, Birmingham*

Mdogo wangu, swali lako umelibeba kutoka nyumbani. Sisi tuliopitia BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya vyuo vya Tanzania, tunamjua msimamizi wetu: anafika na fomu, anakaa nyuma ya darasa, anapekua azimio la kazi na andalio la somo, anatoa alama, kisha huyo, anawahi shule ya pili. Alama zile ndizo hukumu, na hukumu ni yake.

Huko uliko hukupewa mamlaka hayo. Mwalimu mwanafunzi wa kozi ya mwaka mmoja anatakiwa kukaa shuleni siku zisizopungua 120, tena katika shule zisizopungua mbili. Anapimwa kwa Viwango vya Walimu vilivyoanza kutumika mwaka 2012: vinane vya ufundishaji, na sehemu ya pili inayohusu mwenendo. Mwishoni unatazamwa ushahidi wa kipindi chote, si somo la siku uliyomtembelea. Hata Ofsted, wakaguzi ambao shule za England zinawaogopa, waliacha mwaka 2014 kulipa daraja somo moja moja. Kwa hiyo kufelisha au kuachia si uamuzi wako peke yako. Lako ni kuhakikisha kwamba ukweli umeandikwa, kijana ameusikia, na amepata msaada wakati muda bado upo.

Hapo ndipo ulipokosea. Kijana akiambiwa mwishoni kwamba hakufaulu, ataweka ripoti zako mezani na kuuliza: mbona msimamizi alikuwa ananisifu? Swali hilo halina jibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulidhani unamhurumia, kumbe umemnyima nafasi ya kujirekebisha.

Anza wiki hii. Fungua mwongozo wa chuo chako utafute utaratibu wa mwanafunzi anayeelekea kushindwa. Mratibu wa kozi atakuonyesha, na kumuuliza si aibu. Kisha mwombe mwalimu mlezi mkae pamoja nyuma ya darasa, mtazame somo moja kwa macho mawili mawili. Kabla hamjamwita kijana, linganisheni mlichokiona. Mkishaafikiana, kaeni watatu. Yale ya kunong'onezwa yaishie hapo. Mlezi akiona kijana hafai, aseme ni kiwango kipi hajakifikia na ushahidi uko wapi, kijana akiwapo.

Unapoandika, achana na sifa na lawama. "Darasa lina kelele" halimsaidii mtu. Andika hivi: "Ulianza kutoa maelekezo wanafunzi wa meza za nyuma wakiwa bado wanaongea. Hukusubiri. Ulirudia maelekezo yaleyale mara tatu, na baada ya hapo hata waliokuwa kimya wakaanza kuongea." Sasa ana kitu cha kushika. Mpe lengo moja la wiki, kuanza somo kwa utulivu: asimame mlangoni kuwapokea, kazi ya kuanzia iwe tayari ubaoni, asiseme neno mpaka darasa litulie, na sera ya nidhamu ya shule aifuate kama ilivyoandikwa. Wiki inayofuata mlezi aangalie hilo tu. Kumbuka kwamba katika shule za serikali za huko kiboko kilipigwa marufuku tangu 1987. Mwalimu hana cha kuegemea isipokuwa sera hiyo na mazoea anayoyajenga kila siku, na mazoea hayo hufundishika.

Kuhusu ugomvi wao, usiwe hakimu wa nani anampenda nani. Uliza mambo yanayoonekana. Je, wanakaa pamoja kila wiki kama inavyotakiwa? Maandalio yanamfikia mlezi mapema, au asubuhi ya somo? Ushauri wa wiki iliyopita umefanyiwa kazi? Majibu hayo yatakuonyesha tatizo liko upande gani. Na ile kanuni ya shule mbili ina faida yake hapa: akihamia shule nyingine na matatizo yakamfuata, mlezi wa kwanza hakumwonea. Akichanua huko, nalo liandikwe.

Sasa ugeni wako. Yapo ya kujifunza, na jifunze haraka: kujiandikisha mapokezi na kuvaa kitambulisho, simu kubaki mkobani, kutopiga picha ya mtoto. Mwanafunzi akikueleza jambo la kuumizwa, usimwahidi siri. Mfikishie siku hiyohiyo mwalimu anayehusika na ulinzi wa watoto pale shuleni. Lakini kujua kama mwalimu anaeleweka hakuhitaji uzaliwe Birmingham. Umekaa nyuma ya madarasa yaliyojaa pomoni, yenye vitabu vya kugawana, ukaona nani anafundisha na nani anapiga kelele ubaoni. Mwambie mlezi waziwazi kwamba umelea walimu kwa miaka. Usiseme "kwetu" kwa kujitetea, wala kwa kuwaringia.

Limebaki la ada. Deni si mojawapo ya viwango vinane. Linauma, na kwa sababu linauma, anastahili kujua mapema. Akijua leo, anaweza kujirekebisha, kuomba muda zaidi kama chuo kinaruhusu, au kuondoka kwa heshima kabla hajalipa zaidi. Akijua siku ya mwisho, hana la kuchagua. Na wale watoto wa hisabati nao wana mitihani yao ya GCSE mbele. Hawatapewa mwaka mwingine kwa sababu msimamizi alikuwa mpole.

Mpigie mlezi kesho asubuhi. Kijana akifaulu, mtakuwa mmemjenga pamoja. Asipofaulu, asiwe yeye wa mwisho kujua.